Barua kwa mwanangu: unga wa njia panda ya Kunduchi

Mwanangu Zawadi,

Sisi hatujambo, mguu wa baba yako umetulia kidogo. Umeuliza kama hiyo klabu ya kukimbia, Hash House Harriers, wanayokualika wenzako wa kazini hapo Kuala Lumpur ilianza kama klabu ya wanamichezo au ya walevi. Umemuuliza anayejua. Wageni wa miradi walipokuwa wakikimbia mtindo huo hapa Dar, matangazo yao nilikuwa nayapiga chapa mimi, saa ya chakula cha mchana, kwa stensili za ofisi.

Ilianzia hapo hapo ulipo, 1938. Waingereza wa maofisini, akiwemo mhasibu mmoja, Gispert, ambaye wala hakuwa mwanariadha, walikuwa wakila kwenye jengo la Selangor Club. Chakula kilikuwa kile kile kila siku hadi jengo wakalibandika jina la Hash House, nyumba ya hash, yaani ya nyama iliyokatwakatwa. Jioni mmoja au wawili wanatangulia kama sungura, wanadondosha vipande vya karatasi. Wengine wanafuata kama mbwa wa kuwinda, na njiani wanawekewa alama za uongo ili wenye mbio wasiwaache wenye vitambi. Kisha bia. Gispert aliuawa Singapore Februari 1942, Wajapani walipoivamia. Waliosalia wakaifufua klabu baada ya vita. Mwaka 1950 kwenye karatasi za usajili wakaandika malengo: mazoezi, kuondoa hengova za wikiendi, kutafuta kiu na kuikata kwa bia, na kuwaaminisha wazee kwamba hawajazeeka kama wanavyodhani. Kwa hiyo ni vyote viwili, na hawakuficha.

Lakini umeona, karatasi. Hawakuanza na unga, huo waliokuja kuwekea alama baadaye. Chakula hakitupwi chini, hilo nimekulea nalo.

Mwaka 1983, ule wa msako wa wahujumu uchumi, bibi yako alikuwa anapanga foleni Magomeni tangu alfajiri na kurudi na unga wa njano, ule tuliouita wa Yanga. Bosi wangu, naye mkimbiaji, akaniomba nimwonyeshe vijia vya Kunduchi apate kuweka alama za mbio, kwa kuwa mama mdogo alikuwa na shamba kule. Nyuma ya Land Rover kuna mfuko wa unga wa ngano, mweupe pe. Anachota, anatupa chini ya mkorosho. Anachota, anatupa. Watoto wako nyuma yetu na kifuniko cha sufuria, wanakwangua ule wa juu ambao haujashika mchanga.

Tukafika njia panda. Akamwaga duara zima! Njia panda, jua linazama, pwani hii! Bibi mmoja aliyebeba kuni akasimama, akatazama duara, akanitazama mimi, si yeye. "Mwanangu, huyu mnamfunga nani?" Tulipoondoka akaleta ufagio wa chelewa akalifagia lote. Wakimbiaji wakafika hapo, hawaoni alama, wakatawanyika mikoroshoni wakiitana "On! On!" hadi giza likaingia. Nikikumbuka nacheka peke yangu jikoni.

Kilichofuata sicheki. Kwenye bia, mbele ya wote, bosi akanipa mfuko uliobaki, karibu nusu. "Chukua, sisi tumemaliza nao." Nikasema ahsante, nyumbani upo. Nyumbani! Bibi yako unamjua. Nilipomsimulia hakunisemesha siku kadhaa. Baba yako mpaka leo anasema ningechukua tu, maandazi hayana kiburi. Labda. Yule bwana hakuwa mbaya, na pengine ndivyo alivyojua kutoa. Lakini kupewa kilichobaki baada ya mchezo! Halafu nikifikiria foleni ile… basi, tuyaache. Chakula hakitupwi chini, na aliyekitupa asinigawie masalio.

Kujiunga ni shauri lako, una miaka thelathini sasa, sitasema neno. Watu wa kila nchi, msitu, jasho, ni kizuri. Ingawa ningekuwa mimi… hapana, nimesema sitasema. Waulize tu alama wanaweka kwa kitu gani. Chaki ipo, karatasi ipo. Na baba yako kaniamuru niandike kwamba wakimaliza kukimbia, soda nayo inakata kiu. Hilo ni lake.

Mama yako