Muulize Shangazi: Nimepata intanishipu Berlin

Shikamoo shangazi. Nimemaliza chuo hapa Nyegezi, Mwanza, sa hivi ni katibu wa kikundi cha kina mama wanaoanika dagaa kule Igombe. Kuna taasisi ya Berlin inayotoa ruzuku kwa vikundi vya kiraia imenipa intanishipu ya miezi minne, ila posho ni ndogo. Niende?

– Katibu, Igombe

Marahaba mwanangu, hongera! Kwanza hesabu siku, maana viza ya Schengen (ile ya muda mfupi ya nchi nyingi za Ulaya) mwisho siku 90 ndani ya siku 180, miezi minne inazidi, kwa hiyo utaomba viza ya muda mrefu ubalozi wa Ujerumani pale Dar, anza mapema na uwe na nauli ya basi ya kwenda na kurudi. Waulize kwa maandishi kodi ya chumba nani analipa, bima nani analipa. Wakikuomba "hela ya fomu" ujue ni matapeli hao.

Kazi yenyewe usitegemee makubwa. Utasoma maandiko ya miradi, utalinganisha risiti na bajeti, utafuatilia ripoti zilizochelewa, na hapo ndo unawazidi wenzako, kwani wewe unajua kwa nini risiti ya soko la samaki la mwaloni Kirumba inaandikwa kwa mkono na mvua ikinyesha dagaa wanaoza na bajeti yote inavurugika (mzungu ofisini atajuaje hilo?). Waambie.

Halafu vitabu vya kikundi mkabidhi mtu kabla hujaondoka, tafadhali.