Jalidi na maua ya buluberi: joto linatoka ardhini

Mkuu, umesema buluberi zako ulizivika mifuko ya nailoni, ukaifunga kwa kamba shinani, na bado asubuhi ukakuta maua yameungua. Kamba ndiyo iliyokuponza. Kichaka hakina joto lake kama mtu aliyevaa koti. Joto la usiku hutoka ardhini, ambako jua limelihifadhi mchana kutwa, na ukibana mfuko shinani umelifungia nje.

Mimi hutumia shuka kuukuu. Nachomeka vijiti kuzunguka kichaka, natandaza shuka juu yake lisiguse maua, kisha nalishusha mpaka chini pande zote na kulikandamiza kwa mawe. Nailoni ikigusa ua, hapo hapo ndipo linapoungua. Na funika kabla jua halijazama, ardhi ingali na uvuguvugu.

Matandazo nayo, yaani majani makavu yanayofunika udongo shinani: wengi huyarundika zaidi wakiona baridi inakuja. Wakati wa maua mimi nayavuta pembeni, maana yanazuia jua lisipashe udongo mchana na joto lisipande usiku. Udongo ukiwa mkavu naumwagilia mapema mchana. Wenye unyevu hutunza joto vizuri zaidi.

Kunyunyizia maua maji usiku sikushauri. Wenye mashamba makubwa hufanya hivyo kwa sababu maji yanapoganda hutoa joto, lakini lazima yaendelee mfululizo mpaka barafu ianze kuyeyuka asubuhi. Pampu ikizima alfajiri, bora usingeanza.

Usiku wa kuogopa ni ule wa nyota tupu, bila upepo. Utabiri ukisema nyuzi 2 usilale: kipimo chao huwa juu ya ardhi, kama mita moja na nusu hivi, na kwenye vichaka vifupi baridi inaweza kuwa kali zaidi, hasa bondeni ambako hewa ya baridi hutuama. Tundika kipimajoto usawa wa maua. Kitumba kilichofumba huvumilia. Ua lililofunguka huanza kufa kwenye nyuzi -2 hivi.

Kabla hujakata tamaa, pasua maua machache kwa ukucha. Katikati pakiwa peusi, limekufa. Pakiwa kijani, bado linaweza kuzaa hata kama petali zimebabuka. Jalidi ikiyeyuka funua, nyuki wapite. Matawi yaliyoungua usiyakate sasa hivi, ngoja baridi iishe uone machipukizi mapya yanatokea wapi.