Kabla Hujailaumu Modemu

Kila anapokuja mgeni katika kazi hii ya kuunganisha modemu (kifaa cha kupitisha data katika laini ya simu) na kompyuta ya Linux namwona akifanya yale yale: anachomeka kebo, anafungua minicom (programu ya kuzungumza na modemu), anaandika AT (mwanzo wa kila amri ya modemu), skrini inabaki kimya, naye anatangaza kwa uhakika kamili kwamba modemu imekufa. Modemu haijafa, wadogo zangu. Someni kwanza haya.

1. Hakikisha poti ni yenyewe. Poti ya kwanza ya siriali (tundu linalopitisha data biti moja moja) katika Linux ni /dev/ttyS0, adapta ya USB kwa kawaida hujitokeza kama /dev/ttyUSB0, na ukiichomoa na kuichomeka tena dmesg (amri inayoonyesha ujumbe wa kiini cha mfumo) itakutajia jina lake.

2. Ukinyimwa ruhusa ya kufungua poti, usikimbilie root (mtumiaji mwenye mamlaka yote). Jiunge na kundi la watumiaji liitwalo dialout katika Debian, au uucp katika Arch (Linux za aina mbili), kisha utoke na kuingia upya. Wengi wanaonijia wakilalamika wamejiunga na hawakutoka.

3. Ukiambiwa poti ina kufuli (faili linaloonyesha kwamba programu inaitumia), soma nambari ya mchakato iliyomo katika faili la LCK kabla ya kulifuta, kwa maana huenda mwenzako bado anaitumia.

4. Udhibiti wa mtiririko, yaani namna upande mmoja unavyouambia mwingine usimame au uendelee kutuma. Hapa sina budi kuungama, kwa kuwa kosa hili lilinitesa kuliko jingine lolote. Nilikuwa nikituma mafaili kwa XMODEM, utaratibu wa kutuma faili kwa vipande viitwavyo bloku. Faili dogo lilifika salama, lakini lililozidi baiti 2048 lilikwama, na daima lilikwama katika bloku ya 17, ambayo ilitumwa tena na tena mpaka programu ikakata tamaa. Nililaumu kelele za laini ya simu, nikabadilisha kebo, nikashusha kasi kutoka 38400 hadi 9600, na hatimaye nikamlaumu mtu wa upande wa pili, ambaye kwa upole wake aliendelea kunisikiliza. Kelele za laini hazijui kuhesabu, na hilo nilipaswa kuling'amua mapema. XMODEM hutuma bloku za baiti 128, kila moja ikiwa na nambari yake mbele, na nambari 17 ni 0x11 kwa heksadesimali, yaani XON yenyewe, baiti inayosema "endelea kutuma". Nami nilikuwa nimeiamuru modemu idhibiti mtiririko kwa baiti za XON/XOFF, kwa hiyo ilipoipata baiti hiyo iliimeza kama agizo lake badala ya kuipitisha. Hata kama bloku hiyo ingepona, ya 19, ambayo nambari yake ni XOFF, yaani "simama", ilikuwa ikingoja zamu yake. Dawa ni RTS/CTS (udhibiti unaopita katika nyaya zake badala ya baiti) pande zote mbili: crtscts (inayouwasha) bila ixon (inayowasha XON/XOFF) katika stty, amri ya kupanga poti, na kwenye modemu amri inayotajwa na kitabu chake, kwa sababu &K3 ya mtengenezaji mmoja si lazima ieleweke kwa mwingine. Kebo ya nyaya tatu haitakusaidia hapo, kwa kuwa haina nyaya za RTS na CTS.

5. Kutoka katika cu (programu nyingine ya kuzungumza na modemu) ni ~. mwanzoni mwa mstari; ukiwa ndani ya ssh (muunganisho wa kuingia katika kompyuta ya mbali), andika ~~. la sivyo utajikatia ssh yenyewe.

6. Modemu ya kupokea simu izimiwe mwangwi (kurudisha inachoandikiwa) na majibu kwa ATE0Q1, kisha AT&W ili mipangilio ihifadhiwe. Usipofanya hivyo, getty (programu inayompokea anayetaka kuingia katika mfumo) huuliza jina la mtumiaji, modemu humrudishia swali lake, getty hulichukua kuwa jina na kudai nywila, na wawili hao huweza kukesha wakihojiana huku wewe ukitafuta katika kumbukumbu za mfumo ni mdukuzi gani huyo mwenye bidii.