Majani ya uani na kansa ya damu
SWALI: Shikamoo dokta, niko Lindi mjini, mdogo wangu ana kansa ya damu, bibi anamchemshia majani ya yale maua ya pinki ya uani, yanatibu kweli?

JIBU: Marahaba, poleni sana. Ua hilo, nadhani ni vinka, asili yake Madagaska, ndo lilitoa vinkristini, dawa ya kansa ya damu tangu miaka ya 60, ila hospitalini dawa hiyo inapimwa kwa miligramu inapitishwa kwenye mshipa, sufuria haipimi na majani yale ni sumu, mwambieni bibi aache leo hii. Kuna pia dawa zinazolenga kinasi, yaani swichi ndani ya seli, ambayo ikigoma kuzimika, seli zinazaana ovyo. Kwesetini, kemikali iliyomo kwenye vitunguu, imezuia swichi hizo, lakini hasa kwenye seli za maabara. Dawa ya imatinibu, iliyoruhusiwa Marekani 2001, inazima swichi ya aina moja ya kansa hiyo, ni kidonge cha kutengenezwa. Daktari wake aambiwe kila alichokunywa, tafadhali.