Vitz ni Vitz tu, dada

Juzi usiku nakunja sare za watoto, simu ikalia. "Shikamoo dada. Nimejichanga nimefikisha milioni 11. Nataka kununua gari, Toyota Vitz. Naomba ushauri, maana wewe ndiye mtu wa Vitz." Marahaba, mdogo wangu. Nikamuuliza, Vitz ipi? Akajibu haraka: "Vitz tu dada, si ile ndogo?"

Sare nikaziweka pembeni. Maneno hayo nilishawahi kuambiwa na fundi, karibu neno kwa neno. Yalinigharimu gia boksi, sikukuu ya Krismasi na heshima yangu mbele ya mashemeji. Kwa hiyo leo naandika kwa kirefu, na wewe uliyeniuliza usichoke kusoma, maana wengi mnaonifuata hapa najua mnataka kitu kimoja: gari la kwanza, dogo, la kupeleka watoto shule na kuwarudisha salama, bila kumpigia mtu magoti.

Ya kwanza niliinunua mwaka 2013 kwa mwalimu mwenzangu aliyekuwa anahamia mkoani. Habari za mkopo naziruka, kila mtumishi anazijua. Ilikuwa ile mnayoita old model, yaani Vitz ya kizazi cha kwanza, rangi ya fedha, bampa la nyuma limefungwa waya upande mmoja. Spidi yake ilikuwa ya namba za kuwaka, katikati ya dashibodi, ndani ya kishimo kama saa ya mezani. Mtu yeyote ndani ya gari aliiona. Mama yangu akikaa kiti cha nyuma alikuwa ananisomea: "Sitini na tano hiyo. Sabini. Mwanangu, sabini na nne, tunawahi wapi?" Sijawahi kupigwa faini ya mwendo katika gari lile, na sifa zote ni za mama.

Wakati huo sikujua nimekaa ndani ya gari lenye historia. Kabla yake kulikuwa na Starlet, ambayo Toyota waliianza mwaka 1973 na kuiendeleza kizazi kwa kizazi hadi mwaka 1999. Baba yangu mdogo alikuwa nayo, na hadi leo ukimtajia Starlet anakohoa kidogo kabla ya kusema, kama mtu aliyetajiwa marehemu. Mrithi wake alionyeshwa Paris mwaka 1998, na Januari 1999 akaanza kuuzwa Japani kwa jina la Vitz. Ulaya wakaliita Yaris. Umbo alilichora Mgiriki, Sotiris Kovos, aliyekuwa studio ya Toyota ya Ulaya, na ndiyo maana halikufanana na vile visanduku vya Kijapani tulivyozoea. Lilikuwa na urefu wa mita 3.61 tu, lakini mtu mrefu anaingia bila kukunja shingo. Likachukua tuzo ya gari la mwaka Japani, na mwaka 2000 likachukua na ya Ulaya.

Sasa nisikilizeni, hasa wewe shemeji kama unasoma. Juu ya jukwaa lile lile la chini la Vitz ya kwanza, yaani sakafu na miguu ya gari, Toyota walijenga magari mengine: Platz, Funcargo, Probox, na mwaka 2002 wakajenga IST. Ndiyo, IST. Gari mlilokuwa mnaegesha mbele ya nyumba ya mama mkwe huku mnauliza kigari changu kinatumia mafuta au betri za tochi, limetoka tumbo moja na changu. Kuna Vitz za lita 1.3 na 1.5 zenye injini zile zile za IST. Nilikaa kimya miaka yote ile kwa sababu sikuwa najua. Leo najua, nasema.

Mwaka 2017 nikapanda daraja, nikataka new model. Yadi nikaonyeshwa Vitz nyeupe, cc 990, mikono ya viti bado ina harufu ya dawa ya kusafishia. Dalali aliniimbia ushuru: injini isiyozidi cc 1000 haikuwa inatozwa ushuru wa bidhaa wa ukubwa wa injini, wakati inayozidi hapo mpaka 2000 ilitozwa asilimia 5. Ndiyo moja ya sababu barabara za Dar zimejaa hizi cc 990. Hakunidanganya. Ila hakuniambia kwamba chini ya boneti hakukuwa na kitu hata kimoja cha lile gari langu la zamani.

Old model yangu ilikuwa SCP10 (ndivyo namba yake ya chasi inavyoanza), injini ya pistoni nne, gia otomatiki ya kawaida ya hatua nne. Hii nyeupe ilikuwa KSP90, kizazi kilichoanza Februari 2005, pistoni tatu. Injini yenyewe, 1KR, ni kazi ya Daihatsu, nyepesi sana, ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye Passo, kigari kingine cha Toyota. Ina nguvu za farasi 71, na mjini inakunywa mafuta kama kifaranga. Msiitukane pistoni tatu, inatetemeka kidogo ukisimama kwenye taa lakini ni injini ya kweli. Tofauti iliyoniumiza ilikuwa kwenye gia. Hii ilikuwa CVT. Ndani hakuna meno ya gia ya kupanda na kushuka. Kuna mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili, puli zinabana na kupanuka, mwendo unabadilika taratibu bila ule mshtuko wa gia. Mafuta yake yametengenezwa ili ule mkanda ushike puli bila kuteleza. Ukiweka mengine, unateleza, na kila ukiteleza unakwangua chuma.

Oktoba 2018 nikapeleka gari kwa fundi wangu wa siku zote kubadilisha haidroliki, yaani mafuta ya gia. Fundi mzuri, mcheshi, alinitengenezea old model miaka minne bila lawama. Nikamuuliza, hii si ni new model, haina mafuta yake? Akafuta mikono kwenye tambara, akafungua kopo lile lile alilokuwa analitumia siku zote, akaniambia: "Vitz ni Vitz tu, dada."

Desemba tukaondoka Dar kwenda Mafinga. Watu watano, mfuko wa mchele wa kilo 25, ndoo ya mafuta ya kupikia, na keki ya mama mkwe ambayo binti yangu aliipakata njia nzima. Morogoro salama, Mikumi salama, Ruaha Mbuyuni tukanunua vitunguu, nikaongeza uzito tena kwa mikono yangu. Halafu Kitonga, ule mlima wa kona kali kabla ya Iringa.

Kona ya pili nilisikia mlio ambao haukuwa wa injini, kama mluzi wa birika linaloanza kuchemka. Nakanyaga mafuta, injini inalia, gari haliongezi mwendo. Mshale wa spidi nauona unashuka: 40, 30, 20. Nyuma yangu lori la mafuta linapumulia bampa, honi yake inagonga kwenye mifupa. Halafu ile harufu, kama plastiki iliyoungua. Nilipata kijisehemu pembeni ya barabara nikasimama. Mume wangu akashuka kuweka jiwe kwenye tairi. Watoto kimya. Keki bado mapajani.

Aliyekuja kutuvuta ni shemeji, na IST yake. Alitoka Iringa mjini hadi pale, akatuvuta, na sikatai alitusaidia sana. Lakini kamba ilipokazwa alipiga picha. Picha hiyo ilikaa kwenye kundi la ukoo mpaka Pasaka.

Bei ya gia boksi siisemi hapa. Niseme tu kwamba mwaka ule mtoto wa pili alianza darasa la kwanza na begi la kaka yake.

Ndugu zangu, ujinga una bei, na ukikataa kuulipia darasani utaulipia Kitonga. Tunanunua jina. Tunaambiwa Vitz, tunaona Vitz, tunalipa Vitz, hatuulizi ni ipi. Shika kadi ya gari, soma namba ya chasi. Herufi za mwanzo zinakupa siri yote. SCP10 ni ile ya zamani ya cc 997, pistoni nne. KSP90 ni pistoni tatu. SCP90 ni umbo lile lile la KSP90 lakini 1.3, pistoni nne, farasi 87, na kama kwenu ni mlimani usibishane na mimi, chukua hiyo. Kadi ikikupotea kibati kipo kwenye nguzo ya mlango au ndani ya boneti. Soma kadi. Dalali akikwambia "hizi zote sawa", soma kadi mbele yake.

Na fundi mwambie kwa mdomo kwamba gia ni CVT, kopo la mafuta ulinunue wewe, ulione linafunguliwa. Nimesema.

Sasa hivi natumia NSP130, kizazi cha tatu kilichotoka Desemba 2010, injini 1.3 ya farasi 95. Imerefuka mpaka mita 3.885 lakini upana umebaki 1.695, kwa sababu Japani gari likizidi mita 1.70 linatoka daraja la magari madogo. Imepanda Kitonga mara sita, mchele ukiwemo, na sikumpigia shemeji simu. Spidi wameihamishia mbele ya dereva. Mama hajaipenda hata siku moja: "Gari gani hili mtu wa nyuma haoni anakopelekwa?"

Kuna mwingine aliniuliza kuhusu Vitz mpya ya kiwandani. Japani jina hilo lilikufa Februari 2020, kizazi cha nne huko nako kikawa Yaris. Vitz mpya iliyoingia Afrika Kusini mwaka 2023 ni Suzuki Celerio iliyobandikwa nembo ya Toyota, kama Starlet ya siku hizi ilivyo Suzuki Baleno. Ni magari mazuri tu, sina ugomvi nayo. Ila usije ukanunua spea zake kwa kumbukumbu za gari langu la 2013.

Jana yule mdogo wangu wa milioni 11 alinitumia picha ya kadi ya gari alilopata Tegeta. Kidole gumba kimeziba nusu, lakini herufi zinasomeka: KSP90. Nikamwandikia, muulize mwenye gari mafuta ya gia alibadilisha lini, na aliweka kopo gani.

Mpaka saa hizi, tiki mbili za bluu tu.