Mwanangu, nyumba tuliiuza kwa hiari yetu

Quartzsite, Arizona

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku ni wazima wa afya, alhamdulillahi, hofu ni kwenu nyinyi na baridi ya Columbus. Mama yako anakusalimu sana na anaomba uwabusu wajukuu zake.

Ujumbe wa sauti uliotuma nimeusikiliza, kisha nikampa mama yako simu akausikiliza naye. Umesema watu wanakuuliza kama baba yako amefilisika hata akaishia kukaa na mkewe kwenye trela. Umeuliza mmoja wetu akiugua njiani itakuwaje. Halafu, sauti ikikukwama, umeuliza lile ninaloona ndilo hasa linalokunyima usingizi: mmoja wetu akifa huku jangwani, nani atamzika, na wapi. Mambo haya hayajibiki kwa simu huku unapika na watoto wanapiga kelele. Kaa usome taratibu.

La kufilisika ni jepesi. Nyumba tuliiuza wenyewe, deni la benki likiwa limeshalipwa lote. Fedha tuliigawa mafungu mawili. Moja likanunua karavani hii na pikapu ya kuivuta. La pili liko benki na hatuligusi, maana ndilo litakalotupatia pa kukaa siku tutakapoacha maisha ya barabarani. Matumizi ya kila mwezi yanatoka kwenye malipo yetu ya uzeeni, tuliyoyatolea jasho wote wawili. Wakikuuliza tena, waambie hivyo bila kuona haya. Najua kwetu mtu hupimwa kwa paa alilojenga, na mzee akiuza nyumba watu hudhani pana jambo. Basi waambie pia kwamba nyumba yetu ya Kisauni, kule Mombasa, ipo, shangazi yako ndiye anayekaa, na haiuzwi.

Kwa nini basi tusikae Kisauni, au kwako? Hukuliuliza wazi, lakini nimelisikia ndani ya maneno yako.

Wewe ulikuwa mdogo, huenda unakumbuka tu kwamba baba yuko safari. Mimi nilikuwa nikiendesha malori ya masafa, mama yako akihudumia wazee kwenye makao yao, zamu ya usiku, kwa sababu ya usiku ililipa zaidi kidogo. Ijumaa asubuhi nikirudi, yeye ndiyo kwanza anavua viatu alale. Akiamka, mimi nimelala. Jumapili naondoka. Mazungumzo yetu yalikuwa kwenye mlango wa friji, kwa vijikaratasi: bili ya gesi imekuja, mtoto alikuwa na homa usiku, mchuzi uko kwenye sufuria ndogo. Tulilea watoto, tukalipa nyumba, tukatuma hela nyumbani, na hatukugombana. Lakini mume na mke tuliishi tukipishana mlangoni, miaka na miaka.

Kwenye barabara kuu ya 40, pale Williams, kuna kibao cha kukuelekeza Grand Canyon. Nilikipita sijui mara ngapi. Mzigo una saa yake, huwezi kukata kona ukaenda kutazama bonde. Kila nilipokiona kibao kile nilimwazia mama yako, amelala mchana na mapazia yamefungwa. Naye huko kazini alikuwa akiwasikiliza wazee wakimtajia mahali walipopanga kwenda wakistaafu, na sasa miguu haiwezi. Nilipoacha kazi tulikaa jikoni tukaulizana kila mmoja anataka nini, na jibu likawa moja. Siku tuliyofika Grand Canyon alisimama ukingoni, ameshika mkono wangu, akanyamaza muda mrefu. Kisha akaniambia, "Kumbe haya yote ulikuwa ukiyapita peke yako." Mwanangu, siwezi kukuandikia jinsi neno lile lilivyoniingia.

Hiyo ndiyo sababu. Kwako tunapapenda, lakini mama yako hataki kuwa mgeni wa kudumu kwenye nyumba ya bintiye, na mimi sitaki uache maisha yako utulee wakati bado tuna nguvu. Kisauni kuna jambo jingine: bima yetu ya afya ya uzeeni hailipi hospitali za Kenya, na wajukuu wako Columbus.

Na usidhani tumejitupa porini peke yetu. Ungekuja hapa mwezi wa kwanza ungeziona karavani zimetawanyika kwenye changarawe mpaka macho yanachoka, nyingi za wastaafu mume na mke, wengine wametoka Canada wakikimbia theluji. Ardhi ni ya serikali kuu. Hapa La Posa, eneo la kambi tulipoegesha, unalipa dola 180 na unaruhusiwa kukaa kuanzia 15 Septemba mpaka 15 Aprili. Anayetaka wiki mbili tu analipa dola 40. Hakuna waya wa umeme wala bomba mlangoni. Umeme wetu unatoka kwenye sola za juu ya paa, maji tunayafuata. Kwenye ardhi nyingine nyingi za serikali huku, unakaa siku 14 kisha unang'oa. Joto la kiangazi linapita nyuzi 40, kwa hiyo likianza kupanda sisi tunakwenda kaskazini, kwenye misitu ya milimani. Huko kadi zetu za wazee zinatufaa sana: ukifika miaka 62, nawe ni raia au una ukaazi wa kudumu, unalipa dola 80 mara moja tu, unaingia hifadhi zote za taifa maisha yako yote, na kwenye kambi nyingi za serikali unalipa nusu. Kiangazi kilichopita tulipewa kambi tuitunze, kupokea wageni na kufagia, na malipo yakawa kiwanja cha bure chenye umeme na maji.

Kazi ipo, tena ya kila siku. Karavani ni nyumba na gari kwa pamoja, kwa hiyo ina maradhi ya nyumba na maradhi ya gari. Tairi zake huuawa na jua kabla hazijawa kipara. Pembeni mwa tairi, ukizifuata herufi DOT mpaka mwisho, kuna tarakimu nne: 3522 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2022. Mama yako ndiye mwenye daftari la tairi. Asubuhi, kabla jua halijazipasha moto, huchuchumaa na tochi, anapitisha kidole ubavuni mwa tairi akitafuta vile vinyufa vidogo, anapima upepo, anaandika, anahamia jingine. Huwa siondoki kabla hajanitikisia kichwa. Mimi yangu ni uzito. Lita 150 za maji tangini ni kilo 150, na aliyeishi na mizani kama mimi hapakii kwa kukisia. Tukibadilisha mzigo, napitisha kwenye mizani ya malori. Tangi la choo tunalimwaga kwanza, halafu ndipo tangi la maji ya sinki na bafu, ili maji haya yauoshe mpira wa kumwagia. Na glavu ni lazima.

Mama yako anaendesha pia. Nilimfundisha kurudi nyuma na trela kwenye uwanja mtupu: shika usukani kwa chini, na upande unaotaka tako la trela liende, peleka mkono upande huohuo. Sasa anaegesha vizuri kuliko vijana wengi niliofanya nao kazi. Hili ni sharti tuliloliweka kabla ya kununua chochote, kwamba kila mmoja ajue kazi zote, kuunga na kufungua, gesi, betri, tangi, usukani, ili mmoja akianguka mwenzake aweze kuondoka usiku uleule. Sharti la pili ni kwamba yeyote kati yetu akisema basi, ni basi. Hakuna kubembelezana wala kuulizana sababu.

Sasa ugonjwa. Tuna Medicare, bima ya afya ya wazee, ile ya serikali yenyewe, pamoja na bima ya nyongeza. Wengi walinishauri nichukue zile za kampuni binafsi kwa kuwa malipo ya mwezi ni madogo, na kwa anayekaa mji mmoja pengine zinafaa. Lakini nyingi zina madaktari wao wa eneo moja. Ukitoka nje ya eneo unabaki na huduma za dharura. Ile ya serikali unaitumia jimbo lolote, kwa daktari yeyote anayeipokea. Meno ya kawaida haiyagusi, ndiyo maana wastaafu wa huku huvuka mpaka kwa miguu kwenda Los Algodones, upande wa Mexico, ambako bei ni nafuu. Mama yako meno yake ya juu ametengenezea huko, na ameridhika nayo.

Anwani yetu ya kisheria iko Livingston, Texas. Barua zetu zinapokewa na Escapees, chama cha watu wa karavani kilichoanzishwa mwaka 1978 na Joe na Kay Peterson, mume na mke walioyaishi maisha haya wenyewe. Hapohapo Livingston wana mahali panaitwa CARE, na hapa ndipo ninapotaka utulie moyo. Mtu aliyechoka, au anayemuuguza mwenzake, anaegesha karavani yake pale. Analala kitandani mwake mwenyewe, lakini anapikiwa, anasaidiwa usafi, anapelekwa kwa daktari. Tulikwenda kupaona. Mama yako akapakagua kwa jicho la kazi yake ya zamani. Hakusikiliza sana maelezo. Alitazama sakafu, akatazama wazee wamekatwa kucha au la, akatazama mhudumu anavyomshika mtu mkono anapomwinua kitini. Tulipotoka akasema, "Hapa panafaa." Nawe unajua mama yako hasifii ovyo.

Kwa hiyo, maradhi madogo tutayatibu tulipo. Yakiwa makubwa lakini ya kupita, tutakuja kupanga chumba karibu nawe. Karavani hatutaileta, umoja wa wenye nyumba wa mtaa wako hauruhusu iegeshwe. Yakiwa maradhi ya kukaa, tutachagua kati ya Livingston na nyumba ya kupanga, na lile fungu la benki ndiyo kazi yake.

Limebaki la mauti.

Hapa Quartzsite kuna makaburi ya zamani, na kaburi mashuhuri kuliko yote ni la Hadji Ali. Alizaliwa katika dola ya Uthmaniya, akaja Marekani mwaka 1856 pamoja na ngamia ambao jeshi liliwanunua wabebe mizigo jangwani. Wenyeji jina likawashinda, wakamwita Hi Jolly. Baadaye alijiandikisha uraia kwa jina la Philip Tedro, akaoa, akafia huku mwaka 1902. Mwaka 1935 idara ya barabara ya Arizona ilimjengea piramidi ya mawe, na kileleni wakaweka ngamia wa shaba. Imani aliyofia Mola ndiye ajuaye. Nilimwombea, na kabla hatujaondoka pale mama yako akaniambia tuyazungumze ya kwetu, tusiyaache kwa watoto.

Tumekubaliana hivi. Atakayetangulia azikwe kwenye makaburi ya Waislamu yaliyo karibu zaidi na alipofia, na azikwe upesi, kama sunna ilivyo. Asisafirishwe Mombasa wala asiletwe Columbus. Umeshaona mwenyewe michango ya kusafirisha maiti inavyowaelemea jamaa, na maiti anavyokaa kwenye jokofu siku kadhaa akisubiri karatasi. Ndugu zangu wa Kisauni nimewapigia mmoja mmoja nikawaambia kwa kinywa changu, ili siku hiyo asitokee mtu akakulaumu wewe. Wamenung'unika, kisha wameelewa. Msikiti tunaouendea uko Phoenix, mwendo wa saa mbili. Wana watu wa kuosha na kukafini, na tumeshazungumza nao. Kwa njia nyingine tunazopita, mama yako ameandika misikiti na simu zake nyuma ya lile daftari la tairi. Wewe ukiweza kuwahi, njoo. Usipowahi, usijilaumu, tusalie huko uliko.

Atakayebaki hataendelea na karavani peke yake. Hili mama yako alilisema yeye, na mimi nikalikubali. Atakuja Columbus, atapanga karibu nawe, na karavani itauzwa.

Ndani ya bahasha hii utakuta nakala ya wasia na karatasi ya idhini ya matibabu, ya siku ambayo mimi na mama yako hatutaweza kujisemea. Tumekuandika wewe, kaka yako tukamweka wa pili, kwa kuwa wewe ndiye uliyekuwa na ujasiri wa kuuliza. Yeye ameshaambiwa na ameridhia. Wakili anasema sahihi zetu zinatosha, lakini sitakubebesha amana nzito hivi bila ridhaa yako. Isome na mumeo, hasa kile kifungu cha mashine za kupumulia, ambacho mama yako amekiandika kwa maneno yake. Pale msipoafiki, pigia mstari. Tunaondoka hapa katikati ya Aprili, kwa hiyo nijibu kabla ya hapo ili tupite kwa wakili wa Livingston tukiwa njiani.

Ni mimi baba yako