Mbwa amekula chokoleti: usingoje dalili
Pole sana. Kama mbwa wako wa kilo 8 amekula chokoleti nyeusi nusu saa iliyopita, mpigie daktari wa mifugo sasa hivi, hata kama bado anachezacheza. Mweleze uzito wa mbwa, aina ya chokoleti na kiasi alichokula. Karatasi ya chokoleti usiitupe. Chokoleti nyeusi ina theobromini (kemikali ya kakao iliyo sumu kwa mbwa) nyingi kuliko ile ya maziwa, na mwili wa mbwa huiondoa polepole mno. Dalili huweza kuchelewa saa 6 hadi 12: kutapika, kuhangaika, kiu, moyo kwenda mbio, hata degedege. Na tafadhali, usimnyweshe maji ya chumvi ili atapike! Chumvi yenyewe inaweza kumuua. Kumtapisha mwachie daktari, na hufaa zaidi mapema.